Shajara ya mradi: vibao vya gia vya usukani kwenye Toyota 86 ya otomatiki

Gari: Toyota 86 GT ya 2015, giaboksi ya otomatiki ya gia 6, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Injini ya lita 2 aina ya FA20, mgandamizo wa 12.5 kwa 1, nguvu farasi 200 kwenye mizunguko 7,000 kwa dakika, mstari mwekundu (kikomo cha mizunguko) 7,400. Tairi 215/45R17.

Lengo: dereva aliyezoea kuacha lever kwenye D, gari lijichagulie gia, ajue kutumia vibao viwili vya nyuma ya usukani, cha kulia kupandisha gia na cha kushoto kushusha, kwenye barabara za Nairobi na viunga vyake, bila kuitesa giaboksi na bila kumhatarisha aliye nyuma yake. Mashindano hayamo katika mradi huu.

JANUARI: CHINI YA GARI KWANZA

Kibao hakisogezi gia. Kinatuma ombi tu kwa kompyuta ya giaboksi, nayo hufungua na kufunga solenoidi (vali ndogo za umeme), kisha shinikizo la mafuta hubana klachi za ndani. Mafuta yakiwa yameungua au yamepungua, jibu huchelewa au huja kwa mshtuko, na dereva hulaumu kibao. Tumeanza kwenye mafuta kwa sababu hiyo.

Giaboksi hii haina kijiti cha kupimia. Kiwango hukaguliwa kupitia kizibo cha kufurika kilicho chini ya sampu, yaani bakuli la mafuta. Gari linyanyuliwe likiwa sawasawa mbele na nyuma, injini iwe inawaka, na joto la mafuta lisomwe kwa skana hadi lifike nyuzi 40 hivi. Mguu ukiwa kwenye breki, lever ipitishwe polepole kutoka P hadi D na kurudi, ndipo kizibo kifunguliwe. Yakichuruzika kidogo kidogo, kiwango ni sawa. Yasipotoka, ongeza hadi yachuruzike. Yakitoka kwa mkondo, angalia joto kwanza kabla ya kusema yamezidi, kwa maana mafuta hutanuka na gari lililotoka kwenye foleni ya Mombasa Road litadanganya.

Mafuta ni Toyota WS. Kwenye maduka ya spea ya Kirinyaga Road utauziwa mafuta mengi yenye maandishi ya ATF (mafuta ya giaboksi ya otomatiki) kama kwamba yote ni sawa, lakini WS ni mepesi kuliko yale ya zamani ya aina ya Dexron III, na kompyuta imepangwa kwa wepesi huo. Uzito ukibadilika, klachi hubana kwa wakati usiotarajiwa. Tena, ukimwaga kupitia kizibo hutoka sehemu tu, mengine hubaki ndani ya toki konvata, kiungo cha mafuta kati ya injini na giaboksi. Pima yaliyotoka kwenye chombo chenye alama, rudisha kiasi hichohicho, endesha kwa kawaida, kisha rudia. Yakiendelea kutoka meusi yenye harufu ya kuungua na chembe za klachi, simamisha mradi. Gari hilo linahitaji fundi wa giaboksi, na dereva wake hana haja ya mafunzo bado.

Kwa anayenunua: magari ya aina hii ya mwanzo, ya 2012 na 2013, yaliitwa na watengenezaji yarudishwe kukarabatiwa mwaka 2018 kwa sababu ya springi za valvu zinazoweza kuvunjika. Gari hili la 2015 haliko kwenye kundi hilo. Mwenye la 2012 au 2013 aulizie namba ya chasi kabla ya kuzoea mizunguko ya juu.

Breki: mafuta yake hunyonya unyevu hewani. DOT 4, aina ya mafuta hayo, ikiwa mpya huchemka kwa nyuzi 230 au zaidi. Yaliyojaa maji yanaweza kuchemka kwa nyuzi 155, na yakichemka pedeli inazama hadi sakafuni. Yamebadilishwa yote, kuanzia gurudumu lililo mbali zaidi na silinda kuu. Tairi za nyuma zina milimita 4 za meno. Chini ya milimita 3 tusingeingia nazo kwenye hatua ya mvua.

FEBRUARI: UMEME WA VIBAO

Kibao cha kushoto kilikuwa kinajibu mara moja na kukataa mara nyingine. Dalili zinasomwa hivi. Kibao kimoja kikifa peke yake huku honi na vitufe vingine vya usukani vinafanya kazi, shaka ya kwanza ni swichi ya kibao chenyewe au plagi yake. Vibao vyote viwili vikifa pamoja na honi, na taa ya mfuko wa hewa ikawaka, shaka inahamia kwenye kebo ya mzunguko iliyo nyuma ya usukani, ule utepe wa nyaya unaojikunja na kujikunjua kila unapokata kona.

Kufika huko ni kupita mfuko wa hewa, kwa hiyo hapa hakuna haraka. Nyoosha magurudumu. Zima swichi, toa waya wa hasi wa betri, subiri angalau sekunde 90 ili umeme uliohifadhiwa uishe. Mfuko ukishatoka, ulaze mezani uso wake ukitazama juu, kamwe usiulaze kifudifudi. Usipime waya wake wowote kwa mita: mkondo mdogo wa mita unaweza kuufyatua. Unachopima ni swichi ya kibao peke yake, ikiwa imechomolewa. Weka mita kwenye omu (kipimo cha ukinzani wa umeme), vuta kibao mara kadhaa, na usomaji uwe uleule kila unapovuta. Ukirukaruka, kontakti zina uchafu. Hapa kosa lilikuwa vumbi laini lililochanganyika na losheni ya mikono. Dawa ya kusafishia kontakti imetosha na swichi haikubadilishwa. Mafuta ya kulainishia vitu yasipulizwe humo, yanakusanya vumbi upya.

Wakati wa kurudisha, kebo ya mzunguko lazima ikae katikati ya safari yake. Ikifungwa ikiwa imegeuzwa upande mmoja, itakatika siku ya kwanza usukani unapozungushwa hadi mwisho, na utapoteza honi, vibao na mfuko wa hewa kwa mpigo mmoja.

FEBRUARI, MWISHO: HESABU YA GIA

Kabla dereva hajavuta kibao barabarani, ajue injini itaruka hadi wapi. Uwiano wa gia za giaboksi hii ni 3.538, 2.060, 1.404, 1.000, 0.713 na 0.582, na difu (gia ya mwisho kwenye ekseli) ni 4.100. Kwa tairi hizi, mzingo ukiwa karibu mita 1.96, mizunguko ya injini inakuwa hivi (imekadiriwa kwa toki konvata iliyojifunga, bila kuteleza):

Kilomita 40 kwa saa: gia ya pili 2,870, ya tatu 1,950.
Kilomita 60: ya pili 4,300, ya tatu 2,930, ya nne 2,090.
Kilomita 80: ya pili 5,730, ya tatu 3,910, ya nne 2,780, ya tano 1,980.
Kilomita 100: ya tatu 4,880, ya nne 3,480, ya tano 2,480, ya sita 2,030.

Gia ya kwanza inafika mstari mwekundu kwenye kilomita 60, ya pili kwenye 103, ya tatu kwenye 151. Kutoka hapa tumeandika kanuni mbili na kuzibandika mbele ya dereva. Usishushe gia ikiwa mizunguko itavuka 5,000 baada ya kushusha. Usipandishe ikiwa itaanguka chini ya 1,800 na bado unataka nguvu.

Kanuni ya pili huonekana ya kizembe lakini ndiyo inayovunjwa zaidi, na watu wenye nia njema ya kubana petroli. Injini yenye mgandamizo wa 12.5 kwa 1 imetengenezwa kwa petroli ya Japani yenye oktani ya juu. Super ya kawaida ya vituo vyetu iko chini ya hapo. Ukiiweka gia ya tano kwenye kilomita 60 kisha ukakanyaga mafuta hadi chini, unaita mgongano ndani ya silinda, yaani petroli kujiwasha yenyewe. Kompyuta itarudisha nyuma muda wa cheche ili kuokoa injini, nguvu itapungua zaidi, na dereva ataongeza kukanyaga. Shusha kwanza, kanyaga baadaye.

Gari likiombwa gia itakayozidisha mizunguko, linakataa na kulia king'ora kidogo. Kinga hiyo ni ya injini. Haijui kama barabara ina maji, wala kama kuna boda boda ubavuni. Upande wa kupandisha, magari hutofautiana: mengine hupandisha yenyewe kwenye mstari mwekundu hata ukiwa M (hali ya kuchagua gia mwenyewe), mengine huiacha injini igonge kikomo na kukata petroli. Kitabu cha gari lako ndicho kitakachokuambia liko upande gani, nawe usome kabla.

MACHI, KABLA YA MVUA: KIWANJA KILICHOFUNGWA

Lami ya binafsi upande wa Athi River, kwa ruhusa ya mwenyewe, mita za kutosha na hakuna anayepita. Injini imepashwa moto hadi mafuta yake yamepata joto kamili. Kipimo cha maji ya rejeta hupanda mapema kuliko mafuta, kwa hiyo sindano ikifika katikati ongeza dakika kadhaa za mwendo wa taratibu kabla ya kupita mizunguko 4,000.

Zoezi la kwanza ni D na kibao. Ukivuta kibao lever ikiwa D, unapewa gia uliyoomba kwa muda tu, kisha kompyuta inarudia kazi yake. Hii ndiyo njia ya kuanzia kwa wote. Ukisahau, gari linajisahihisha. Zoezi la pili ni M, ambapo gia hubaki uliyoichagua, na hapo kusahau kuna gharama: wengi hujikuta kwenye kilomita 80 na gia ya pili, injini inapiga kelele, kwa sababu macho yako barabarani na sikio halijazoea. Tumemfundisha dereva kutaja gia kwa sauti kila anapovuta. Inaonekana ya kitoto, na inafanya kazi.

Zoezi la tatu ndilo kiini cha mradi mzima: breki kwanza, gia baadaye. Kwenye mstari ulionyooka, kutoka kilomita 80, kanyaga breki hadi 60, na mguu ukiwa bado juu ya breki vuta kibao cha kushoto mara moja. Subiri injini itulie. Shuka hadi 40, vuta tena. Mvuto mmoja, gia moja. Asiyejua huvuta mara tatu mfululizo akiwa bado kwenye kasi ya juu, akitarajia gia zisimamishe gari. Breki zina magurudumu manne, ABS (kinga ya magurudumu kujifunga), na taa. Mvuto wa injini una magurudumu mawili ya nyuma tu. Gia ishikilie mwendo ambao breki zimeshaupata.

Wakati wa kushusha, giaboksi hii huifanya injini iongezewe petroli kidogo yenyewe ili mizunguko ilingane, na dereva hahitaji kufanya ujanja wa mguu. Lakini hiyo haiondoi mvuto unaofuata baada ya gia kubana.

Mikono ikae kwenye saa tisa na saa tatu. Vibao vya 86 vimefungwa kwenye usukani na vinazunguka nao. Usukani ukigeuka nusu duara, cha kulia kiko kushoto. Nissan GT-R za mwanzo na Mitsubishi Evo X vibao vyake vimefungwa kwenye nguzo ya usukani na havisogei, kwa hiyo aliyezoea hayo atavuta kibao kisicho sahihi hapa. Jibu ni lilelile kwa magari yote: usukani ukiwa umegeuka sana, acha vibao.

MACHI: NDANI YA JIJI

Foleni. Lever ibaki D. Hakuna faida yoyote ya M kwenye mwendo wa kilomita 5 kwa saa, na kushikilia gari mlimani kwa kukanyaga mafuta badala ya breki kunaipasha moto toki konvata bure. Kwa Golf GTI na magari mengine ya klachi mbili ubaya ni mkubwa zaidi, kwa maana klachi yenyewe ndiyo inayoteleza na kulika.

Keepleft (mzunguko wa barabara). Chagua gia kabla ya kuingia, kwa kawaida ya pili, na usiiguse hadi usukani unyooke tena.

Matuta. Breki, gia ya pili, vuka, ongeza.

Jambo lililotuchukua muda mrefu zaidi hapa ni taa za nyuma. Ukishusha gia na gari likapungua kasi, taa za breki haziwaki. Aliye nyuma yako kwenye Waiyaki Way, matatu iliyojaa watu, haoni chochote isipokuwa gari linalomkaribia. Kwa hiyo kila kushusha gia kwenye msongamano kuambatane na mguu kugusa breki kiasi cha kuwasha taa, na kioo cha kati kitazamwe kabla ya kidole kusogea. Kwenye Nairobi Expressway watu hufuatana kwa karibu mno wanapokaribia kulipa. Punguza huko kwa breki za kawaida, taa zikiwaka mapema.

APRILI: MASIKA

Mvua ya kwanza baada ya kiangazi ndiyo mbaya kuliko zote. Mafuta na vumbi la miezi vinapanda juu ya lami na kuwa utelezi kabla hayajaoshwa.

Hatari ni hii. Magurudumu ya nyuma yana kazi ya kushikilia gari lisipinduke mkia kwenye kona. Ukishusha gia katikati ya kona, unayaongezea kazi ya pili ya kuvuta injini nzima iongeze mizunguko. Mshiko ukiwa umepunguzwa na maji, hauwatoshi mabwana wawili, na mkia unatoka. ABS haikusaidii hapo kwa sababu breki hazikukanyagwa. Mfumo wa VSC, unaodhibiti gari lisiteleze, husaidia, basi uachwe umewashwa kikamilifu. Kitufe kinachoulegeza si cha barabara ya mvua. Kitufe cha SNOW, ingawa hatuna theluji, hulainisha mwitikio wa mafuta na kimeonekana kufaa kwenye lami iliyofunikwa na udongo mwekundu.

Kanuni za mvua zilizopitishwa: kikomo cha mizunguko baada ya kushusha kimeteremshwa kutoka 5,000 hadi 3,500. Gia ya kona iwe imeingia na gari limetulia kabla ya usukani kugeuzwa. Ukijikuta ndani ya kona na gia ya juu, baki nayo. Gia ya juu kwenye mvua ni pole, haina dhambi. Mkia ukianza kutoka baada ya kushusha, vuta kibao cha kulia mara moja kurudisha gia ya juu, tazama unakotaka kwenda na uelekeze usukani huko, usikanyage breki kwa hofu.

MEI: RIRONI HADI MAI MAHIU

Huu ndio mtihani ambao vibao vilistahili. Barabara inashuka ukingoni mwa Bonde la Ufa, ukungu ni wa kawaida, trela ziko pande zote mbili, na chini kuna kile kikanisa kidogo kilichojengwa na wafungwa wa vita wa Italia. Ukiiacha D, giaboksi hupenda kupanda gia ili kubana petroli, gari linakimbia, na dereva anaburuta breki kilomita baada ya kilomita.

Utaratibu: lever M kabla ya mteremko kuanza, gari likiwa bado kwenye tambarare. Gia ya tatu kwa kilomita 60, injini ikizunguka 2,900. Kasi ikipanda hadi 65, breki ya nguvu na ya muda mfupi hadi 55, kisha achia kabisa ili diski zipate hewa. Kama unalazimika kukanyaga kila baada ya sekunde chache, gia ni ya juu mno: punguza hadi 50 na uingize ya pili, mizunguko 3,600. Injini haiumii hapo. Mguu ukiwa umetoka kwenye mafuta, kompyuta hukata petroli na pistoni zinafanya kazi ya pampu tu. Kamwe usiweke N (gia huru).

Tumepima diski kwa kipimajoto cha miale tulipofika chini, tukishuka kwa D na kwa M kwa kasi ileile. Kwa D diski za mbele zilikuwa na joto kubwa zaidi waziwazi na pedi zilinuka. Mwenye shaka arudie jaribio hilo na gari lake mwenyewe, lakini asimame mahali salama pa kuegesha, si ukingoni mwa barabara.

MEI: KUPANDA NA KUPITA LORI

Injini isiyo na taabo (turbo) hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 za mwinuko. Nairobi tuko mita 1,700 hivi. Limuru ni juu zaidi. Hesabu ya kupita lori iliyozoeleka Mombasa haifai huku.

FA20 pia ina bonde la nguvu linalojulikana, yaani mahali mvuto unapolegea, kati ya mizunguko 3,500 na 4,500. Angalia jedwali: kilomita 80 kwenye gia ya tatu ni 3,910, katikati kabisa ya bonde hilo, na hutoki hadi ufikie kilomita 92. Gia ya pili kwenye 80 ni 5,730, yenye nguvu tele, ila inavuka kanuni yetu ya 5,000 na inagonga mstari mwekundu kwenye 103, ukiwa ubavuni mwa trela.

Uamuzi wetu: kaa nyuma zaidi ya lori, ingiza gia ya tatu ukiwa bado kwenye upande wako, anza kuongeza kasi kabla ya kutoka ili uvuke bonde la nguvu mapema, na toka tu ikiwa nafasi inayoonekana inatosha kwa gia hiyo peke yake bila kubadilisha njiani. Isipotosha, baki. Hakuna barabara kuu ambapo sheria inaruhusu kuvuka kilomita 110, kwa hiyo gia ya tatu inatosha kazi yote halali.

KILICHOBAKI

Mafuta ya giaboksi yatamwagwa tena kwa mzunguko wa pili na rangi yake ilinganishwe na sampuli ya Januari iliyowekwa kwenye chupa. Swichi ya kibao cha kushoto itapimwa omu baada ya masika, kwa sababu unyevu unaweza kuirudisha dalili. Tairi za nyuma zimefika milimita 3.5, zitabadilishwa zote mbili pamoja, chapa moja, kabla ya mvua za vuli, na mzingo wa tairi mpya upimwe upya ili jedwali la gia lirekebishwe.